Grizzly Adams: Mwindaji aliyewalea watoto wa dubu aliowaua

WAKAZI wa San Francisco, Marekani, walikuwa wamezoea vioja. Mnamo 1856 mji huo ulifurika wachimba dhahabu, mabaharia, wacheza kamari na watoro wa kila sampuli kutoka pembe zote za dunia. Hata hivyo, hakuna aliyekosa kugeuza shingo pale mwanamume mmoja mwenye ndevu nyeupe zilizomfunika kifua alipopita barabarani, amevalia ngozi za wanyama kuanzia utosini hadi unyayoni, akiandamana na dubu wenye uwezo wa kumrarua mtu kwa pigo moja la kucha.

Aliyemwona alimdhania kuwa shaibu wa miaka 60 na ushei. Kwa hakika alikuwa hajatimiza miaka 45. Milima ndiyo iliyomzeesha. Na lau angevua kofia yake, watu wangeona chanzo cha mauti yaliyokuwa yakimnyemelea: kishimo kilichobonyea kwenye fuvu, mahali ambapo dubu jike alimchana ngozi ya kichwa na kuiacha ikining'inia.

Mtu huyo alijiita James Capen Adams. Dunia ilimwita Grizzly Adams, kutokana na jina ambalo Wamarekani huwapa dubu wakubwa wa rangi ya kahawia ambao ncha za manyoya yao huwa kama zimeota mvi. Lakini jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa John. James Capen lilikuwa jina la ndugu yake, naye alilivaa alipofika California kama mtu avaavyo koti la kuazima, na hata mwanahabari aliyeandika kitabu kumhusu alilichapisha jina hilo bila kushuku lolote. Ilibidi watafiti wa karne ya 20 wapekue kumbukumbu za ukoo wake ndipo kitendawili hicho kikateguliwa.

Adams alizaliwa Oktoba 22, 1812 huko Medway, jimbo la Massachusetts, mashariki mwa Marekani. Akiwa kijana alifundishwa ushonaji viatu, kazi iliyowalisha watu wengi wa sehemu hiyo. Alipofikisha umri wa utu uzima aliitupa sindano na kujiunga na watu waliokamata wanyama mwitu katika misitu ya kaskazini ili wawaonyeshe kwa malipo.

Kazi hiyo nusura imtoe uhai mapema. Mwenye maonyesho alikuwa na simbamarara wa kutoka Bengal aliyeshindikana, na Adams, kwa ujasiri wa ujana, akakubali kuingia kizimbani ili amfunze. Mnyama huyo alimrukia na kumuumiza vibaya mgongoni. Ilimchukua muda mrefu kupona, na alipoweza kuketi tena alirudi kwenye benchi la fundi viatu, akaoa, akapata watoto na kuishi maisha ya kawaida kwa takriban miaka 15.

Kisha zikaja habari za dhahabu. Iligunduliwa California mnamo Januari 1848, na kufikia mwaka uliofuata maelfu ya watu walikuwa njiani kuelekea magharibi. Adams alipiga hesabu ya mfanyabiashara: wasafiri hao wangehitaji viatu. Alikusanya akiba yake yote, akanunua shehena ya viatu na kuipeleka St. Louis, mji ambao misafara mingi ilipitia. Mnamo Mei 1849 moto mkubwa ulizuka kwenye meli zilizotia nanga huko, ukasambaa na kuteketeza sehemu kubwa ya mji. Shehena ya Adams iligeuka jivu.

Mtu mwingine angerudi nyumbani. Yeye aliamua kwenda mbele, akavuka nchi kavu hadi California na kuwaacha mkewe na watoto Massachusetts. Hakuwatia machoni tena kwa zaidi ya miaka kumi. Wasimulizi wengi wa habari zake huipita sehemu hii haraka, labda kwa kuwa haipendezi.

Huko California alijaribu kuchimba dhahabu, akajaribu biashara, akajaribu kilimo na ufugaji. Mara alipata, mara alipoteza, na mwishowe wadai na mahakama vilimaliza alichokuwa nacho. Katika msimu wa majani kupukutika wa 1852, akiwa na miaka 40 na moyo uliojaa uchungu dhidi ya wanadamu wenzake, alipakia vitu vichache kwenye gari bovu lililokokotwa na maksai wawili na kuelekea milimani. Alibeba bunduki, bastola, visu na blanketi.

Milima aliyoiendea ni Sierra Nevada, safu yenye urefu wa karibu kilomita 640 inayopita mashariki mwa California. Si milima ya kupandwa kwa madaha. Barafu za kale zilichonga humo makorongo yenye kuta za mawe, na katika bonde la Yosemite yapo magenge yanayosimama wima kwa karibu kilomita nzima. Theluji hufunga njia kwa miezi kadhaa kila mwaka. Chini ya magenge hayo kuna miteremko ya misonobari na vichaka vizito, na humo ndimo dubu walimotawala.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambaye dubu humjua tu kama mwanasesere laini anayelala na mtoto kitandani, ni vigumu kumpigia picha mnyama huyu. Dubu wa California aliyekomaa aliweza kuwa na uzito wa simba watatu. Kucha zake za mbele zilikuwa ndefu kama vidole vya mtu. Inakadiriwa kwamba kabla ya kuja kwa wachimba dhahabu kulikuwa na dubu wapatao 10,000 wa aina hii katika eneo hilo.

Silaha ya mwindaji wa wakati huo nayo haikuwa ya kutegemewa sana. Bunduki za Adams zilikuwa za aina ya gobori: baruti inamiminwa mdomoni mwa mtutu, risasi inashindiliwa kwa kijiti, fataki inawekwa, ndipo unalenga. Risasi moja ikitoka, kazi yote inaanza upya. Dubu aliyejeruhiwa hangojei mtu ashindilie baruti. Hivyo mwindaji alilazimika kumsogelea mnyama hadi umbali ambao hangeweza kukosa, na kulenga moyo au ubongo. Akikosa, kilichobaki ni kisu.

Mteremko uliongeza hatari hiyo. Wapo walioamini kwamba dubu hawezi kukimbia akiteremka mlima kwa kuwa miguu yake ya mbele ni mifupi. Imani hiyo ni upuuzi mtupu, na imewagharimu watu maisha. Dubu hukimbia kama farasi, awe anapanda au anateremka, ilhali mwanadamu kwenye mawe yanayoporomoka hana hata pa kukanyaga. Afadhali ni mti, maana dubu mkubwa wa aina hiyo hana wepesi wa kukwea, lakini si kila genge lina mti.

Adams alijifunza haya yote kwa vitendo. Wenyeji wa jamii ya Miwok walimsaidia kujenga kibanda cha kupitisha majira ya baridi, naye akavua nguo za mjini na kuvaa ngozi za paa kama wao. Vijana wawili wa kienyeji aliowapa majina ya mito ya sehemu hiyo, Tuolumne na Stanislaus, wakawa wenzake katika safari ndefu. Inafaa kukumbuka kwamba wenyeji wa California, waliokadiriwa kuwa 150,000 wakati dhahabu ilipogunduliwa, walikuwa wamebaki karibu 30,000 pekee kufikia 1870. Maradhi, njaa na mauaji ya wazi yaliwamaliza. Waliomkaribisha mgeni huyu mlimani walikuwa wenyewe wakiwindwa.

Uwindaji wa nyama na ngozi ulimpatia riziki, ila pesa nyingi zilikuwa katika wanyama walio hai. Wenye maonyesho mijini walilipa vizuri kwa dubu mzima, na bora zaidi akiwa mdogo wa kuweza kufunzwa. Na hapa ndipo uchungu wa kisa hiki ulipo. Dubu jike haachi watoto wake. Kumpata mtoto, sharti kwanza umuue mama.

Mwaka 1853 Adams alisafiri na kundi lake kuelekea kaskazini, mwendo mrefu hadi eneo la Washington. Huko alimvizia dubu jike aliyekuwa na watoto wawili wa karibu mwaka mmoja, akamuua na kuwakamata watoto. Mmoja, wa kike, alimpa jina Lady Washington.

Hakuwa mnyama wa kubembelezwa. Alikuwa mkubwa wa kutosha kumkumbuka mama yake na kumchukia aliyemuua. Alimrukia Adams kila alipokaribia, naye Adams akamfunga kwa mnyororo kwenye mti, akakata rungu na kumpiga hadi mnyama huyo akasalimu amri. Ndivyo mwenyewe alivyosimulia, bila kuona haya. Baada ya hapo alianza kumlisha kwa mkono na kutembea naye, na baadaye dubu huyo akakubali kubeba mizigo mgongoni kama punda na kulala karibu na moto wa kambi. Usiku wenye baridi kali Adams alijibanza ubavuni mwake apate joto.

Wanyama wengine waliokamatwa katika safari hiyo waliteremshwa hadi Portland na kupakiwa melini kwenda mashariki. Lady Washington hakuuzwa.

Majira ya kuchipua ya 1854 yalimletea Adams kiumbe atakayependwa kuliko wote. Karibu na bonde la Yosemite aligundua pango la dubu kwenye ubavu wa korongo lenye mteremko mkali. Dalili zilionyesha kwamba ndani mlikuwa na mama aliyejifungua. Dubu hawa huzaa katikati ya baridi wakiwa pangoni, na watoto huzaliwa wadogo ajabu, vipofu, wazito kidogo tu kuliko nusu kilo. Mama hubaki nao gizani kwa miezi bila kula.

Adams alikwenda peke yake. Alijificha vichakani akitazamana na mlango wa pango, akangoja siku baada ya siku. Hatimaye dubu alitokeza kichwa, kisha akasimama kwa miguu ya nyuma, naye Adams akafyatua risasi. Pambano lilimalizika kwa bastola na kisu hapo hapo kwenye mteremko. Baadaye aliwasha kijinga cha mti wa msonobari, akatambaa hadi ndani ya pango na kuwakuta watoto wawili wamejikunyata juu ya majani. Aliwachukua, akawatia kifuani katikati ya shati lake la sufu na lile la ngozi, akateremka nao mlima.

Kambini kulikuwa na mbwa jike wa mbio aliyekuwa amezaa siku chache zilizotangulia. Mwanzoni mbwa huyo aliwaonyesha meno watoto wa dubu, lakini wakamshika hivyo hivyo hadi akazoea kuwanyonyesha pamoja na mwanawe. Kucha za wageni zilipoanza kumkwaruza matiti, Adams aliwashonea dubu hao vifuko vya ngozi vya kuvalia mikononi. Ufundi wa viatu ulikuwa haujampotea.

Mmoja wa watoto hao alipewa rafiki yake. Yule aliyebaki naye alimwita Ben Franklin, na mtoto wa mbwa aliyenyonya naye akaitwa Rambler. Ben hakuwahi kupigwa kama Lady Washington. Hakumjua mama mwingine isipokuwa mbwa, wala baba mwingine isipokuwa mtu aliyemfanya yatima. Alikua akifuata nyayo za Adams bila mnyororo, akila alichokula na kucheza mieleka na Rambler jioni. Walipovuka jangwa lenye joto kali wakielekea milima ya Rocky, nyayo za Ben zilichubuka na kuvuja damu, na fundi viatu wa zamani akaketi chini akamshonea makubadhi.

Katika milima hiyo ya Rocky dubu dume wa mwituni alizoea kuja usiku kumtembelea Lady Washington pembezoni mwa kambi. Adams alimwona na kuiacha bunduki yake ilale. Mwaka uliofuata Lady Washington alizaa mtoto aliyepewa jina Fremont.

Hakuwa amelegea moyo, la hasha. Katika kipindi hicho hicho alijenga mitego ya magogo mazito, yenye mlango unaoporomoka mnyama anapovuta chambo, na katika mmojawapo akamkamata dume wa ajabu aliyemwita Samson. Baadaye dubu huyo alipimwa akapatikana na uzito wa karibu kilo 680. Samson hakufugika kamwe, aliishi kizimbani hadi mwisho.

Siku ambayo Adams hangeisahau ilifika mwaka 1855. Alikuwa akipenya kichaka kizito katika Sierra Nevada, Ben na Rambler wakimfuata nyuma, alipotokea ghafla mbele ya dubu jike mwenye watoto. Hakupata nafasi ya kuinua bunduki. Pigo moja liliitupa silaha kando, jingine likamwangusha chini, na meno na kucha vikazama kichwani na shingoni mwake. Ngozi ya kichwa ilichomoka ikamfunika macho.

Ben alikuwa hajafikisha hata miaka miwili. Alimrukia yule jike kooni huku Rambler akimng'ata paja. Kwa dubu mchanga kumkabili jike aliyekomaa ni sawa na mtoto wa shule kumvaa bondia, na Ben alijeruhiwa vibaya kichwani. Lakini alimpa Adams nafasi ya kuinuka, kuishika bunduki na kumuua adui yake. Kwa mujibu wa masimulizi yake, walipofika kambini Adams alimtibu Ben kwanza, kisha ndipo akashughulikia kichwa chake mwenyewe.

Hebu tulitazame tukio hilo kwa makini. Jike yule alifanya alichofanya mama yake Ben kule pangoni: alisimama kati ya mwindaji na watoto wake. Na aliyemshinda ni yatima wa jike mwingine aliyeuawa kwa kosa hilo hilo. Adams alilisimulia kama ushahidi wa mapenzi ya Ben, na mapenzi yalikuwepo bila shaka, kwani tangu siku hiyo hakuruhusu mtu amguse mnyama huyo vibaya. Kwamba lilikuwa na upande wa pili ni jambo ambalo halionekani popote katika maneno aliyoyaacha.

Mwishoni mwa 1855 aliteremka na wanyama wake hadi miji ya pwani, na mwaka uliofuata akafungua maonyesho katika chumba cha chini ya ardhi jijini San Francisco. Aliyaita Mountaineer Museum. Wageni walimkuta Samson kizimbani, Ben na Lady Washington wamefungwa minyororo sakafuni, na mwenyewe akizunguka kati yao kama mwenye nyumba.

Mmoja wa wageni hao alikuwa Theodore Hittell, mwanahabari wa gazeti la jioni la mjini humo. Alivutiwa kiasi cha kurudi mara kwa mara, na kuanzia 1857 hadi mwisho wa 1859 aliketi na Adams akiandika habari zake. Kitabu kilichotokana na vikao hivyo kilichapishwa 1860, na hadi leo ndicho chemchemi ya karibu kila kinachojulikana kuhusu maisha yake ya milimani. Ni kweli kwamba wawindaji hawakosi kutia chumvi, na tusidhani Adams alikuwa tofauti. Lakini wanyama walikuwepo wakaonekana na maelfu ya watu, na kovu la kichwani halikuwa hadithi.

Mnamo Januari 1858 Ben Franklin aliugua na kufa, akiwa na miaka minne tu. Magazeti yalitangaza kifo chake kama yatangazavyo kifo cha mtu mashuhuri. Waliomjua Adams walisema hakuwa tena yule wa awali. Biashara nayo ilizorota, madeni yakarundikana, na mwishowe akapoteza makumbusho yake.

Afya yake ilikuwa ikiporomoka pia. Lile jeraha la 1855 halikupona sawasawa, na alipokuwa akicheza mieleka na dubu wake Fremont, mnyama huyo alimpiga papo hapo na kulifungua upya. Daktari angemshauri apumzike. Yeye alipakia wanyama wake katika merikebu ya matanga iitwayo Golden Fleece mnamo Januari 1860, akazunguka Rasi ya Horn kusini kabisa mwa Amerika, na baada ya zaidi ya miezi mitatu baharini akatia nanga New York.

Huko alimkuta P. T. Barnum, mfanyabiashara wa maonyesho aliyekuwa na sifa ya kuweza kumuuzia mtu kivuli chake mwenyewe. Barnum alikuwa tayari amenunua nusu ya mali hiyo kutoka kwa mshirika wa Adams. Walipokutana, Adams alivua kofia na kumwonyesha kichwa chake. Barnum, ambaye hakuwa mwepesi wa kushtuka, aliandika baadaye kwamba fuvu lilikuwa limevunjika kiasi cha ubongo kuonekana ukipigapiga chini ya utando.

Maonyesho yalifunguliwa kwa gwaride katika barabara ya Broadway, Adams akiwa amempanda Fremont juu ya gari huku umati ukishangilia. Mkewe, ambaye hakuwa amemwona kwa miaka zaidi ya kumi, alifunga safari kutoka Massachusetts kuja kumuuguza. Kila asubuhi alimfunga bendeji kichwani, na kila mchana mumewe akaingia ulingoni.

Baada ya wiki sita daktari alimwambia kwamba siku zake zilikuwa zinahesabika. Adams aliuza sehemu yake ya wanyama kwa Barnum, lakini badala ya kwenda kulala alimpa tajiri huyo sharti: angezunguka mijini na wanyama wale kwa wiki kumi, na akimaliza alipwe dola 500. Barnum alikubali akiamini kwamba hangemaliza. Tamaa ya umaarufu haikuwa sababu pekee. Mtu huyu alikuwa amemwacha mke bila msaada kwa muongo mzima, na hizo ndizo pesa za mwisho ambazo angeweza kumpatia.

Barnum alikuwa ameshamtayarishia mrithi, na akamshonea mrithi huyo suti nzuri ya kiwindaji iliyotengenezwa kwa manyoya. Adams alipoiona aliomba aazimwe hadi atakapomaliza kuitumia. Barnum aliona ombi hilo halina ubaya.

Wiki baada ya wiki alidhoofika. Kufikia wiki ya tano Barnum alimsihi aache na achukue nusu ya malipo. Alikataa. Mwishoni hakuweza tena kuwashughulikia dubu, aliketi tu akitazamwa, lakini wiki ya kumi ilipotimia alikuwa bado hai. Alipokea dola zake 500, akamkumbusha Barnum kwamba suti bado hajamaliza kuitumia, na akasafiri hadi Neponset, Massachusetts, alikokuwa binti yake. Alilala kitandani na hakuinuka tena.

Alifariki Oktoba 25, 1860, siku tatu baada ya kutimiza miaka 48. Alikuwa ameacha maagizo kwamba azikwe akiwa amevaa suti ile ya manyoya, na Barnum akatambua kwamba alikuwa ameshindwa mchezo na mtu aliye kaburini. Adams alizikwa katika mji wa Charlton, kwenye makaburi ya Bay Path.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, sinema ya 1974 na vipindi vya runinga vya 1977 na 1978 vilimfufua Grizzly Adams. Katika vipindi hivyo ni mtu mpole aliyekimbilia milimani kwa kusingiziwa mauaji, anamwokota mtoto wa dubu aliyekwama gengeni na kuapa kutomdhuru mnyama yeyote. Watazamaji walimpenda sana. Adams wa kweli huenda angecheka, au angeudhika kwamba mama wa dubu hakutajwa.

Dubu wenyewe hawakuishi kuiona runinga. Wafugaji waliwapiga risasi, wakawawekea sumu na mitego, na wawindaji wakafuata mabaki yao hadi kwenye magenge ya juu kabisa ya Sierra Nevada. Dubu wa mwisho wa aina hiyo anayejulikana kuuawa California alianguka mwaka 1922. Mwaka 1924 mmoja alionekana katika hifadhi ya Sequoia. Baada ya hapo hakuonekana mwingine.

Picha yake ingali kwenye bendera ya jimbo hilo. Mchoro unaotumika sasa ulipitishwa mwaka 1953 na ulifuata umbo la dubu aliyeitwa Monarch, aliyekamatwa milimani mnamo 1889 kwa agizo la mmiliki wa magazeti William Randolph Hearst na kufungiwa hadi kifo chake 1911. Ngozi yake iliyojazwa imehifadhiwa San Francisco, mji ule ule alikofia Ben Franklin.